Baiskeli ya Ambilikile na Njuga ya Udongo

Kabla baiskeli haijambeba Ambilikile, Ambilikile aliibeba baiskeli. Aliibeba kichwani, kila mto na kila tope, toka Ipyana mpaka ziwani Mwaya, huku mwenye mali, mzungu mmoja wa misheni, akitangulia na fimbo yake, suruali kaikunja magotini. Bonde zima lilicheka. Mtu ana chombo cha kumbeba, naye anakitafutia mtu wa kukibeba! Lakini ndivyo mambo yalivyokuwa enzi za Mjerumani, na Ambilikile hakuwa mtu wa maswali. Alikuwa mpagazi tangu ujana, na shingo yake ilikwisha kuzoea mizigo ya watu, kiasi kwamba hata akiwa mikono mitupu alitembea kama mwenye gunia kichwani.

Yule mzungu aliporudi kwao, muda mfupi kabla ya vita, alimwachia baiskeli. Ilikuwa imechoka, kengele iliyokuja nayo ilikwisha kung'oka mtoni, na gurudumu la nyuma lilishindiliwa nyuzi za mgomba badala ya upepo. Ambilikile, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akajifunza kuipanda. Alianguka mpaka watoto wakachoka kucheka. Siku alipofanikiwa kwenda bila kuanguka, upepo ukimpiga kifuani na kichwani hana kitu, alilia machozi bila aibu. Tangu azaliwe, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kumbeba yeye.

Sasa, Wanyakyusa wana jambo lao. Mwanamke haonani na baba mkwe wake. Hamsemeshi, hamtazami, hata jina lake halitaji. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huchepuka majanini, akajifunika, mzee apite. Na si baba mkwe mmoja tu. Wazee wote wa rika lake nao ni wakwe. Kwa miguu haina taabu. Mzee anakuja polepole, anakohoa, anaongea peke yake, mwanamke anamsikia toka mbali. Baiskeli haikohoi.

Wa kwanza kupatwa na balaa hilo alikuwa Neli, mke wa mwanawe Asegelile. Neli alikuwa binti wa Wakisi, wafinyanzi wa kule pwani ya mashariki ya ziwa, na siku hiyo alikuwa anatoka mtoni na chungu cha maji alichokifinyanga mwenyewe. Baiskeli ikatokea kwenye kona ya migomba, kimya kama paka. Neli akaruka kuingia shamba la mpunga, tope mpaka kiunoni, chungu vipande vipande. Ambilikile naye akaenda mzimamzima kwenye mgomba. Hawakuweza hata kupeana pole. Mmoja alikuwa kajifunika uso topeni, mwingine kauficha wake kwenye majani, na wapita njia walicheka mpaka wakakaa chini.

Ambilikile hakucheka. Alijaribu kuimba nyimbo za kanisani kila apandapo, lakini baiskeli ilimpokonya pumzi, na ubeti wa pili aliuimbia moyoni. Akafunga kengele ya ng'ombe. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana wanawake walidhani ng'ombe wa mtu wanapelekwa kunywa maji, wakabaki katikati ya njia, na badala ya ng'ombe akatokea baba mkwe.

Wazee wakakutana. Aliyekuwa mkali kuliko wote ni Andongwisye, mwenye sauti nene na mabega ya mtu asiyewahi kubeba mzigo.

"Mwenzangu, umewavua nguo wakwe zetu," alisema. "Chombo hicho kitupwe mto Kiwira."

Ambilikile hakukubali. Akaomba ajaribiwe mara moja tu. Wazee wakanong'onezana, wakakubali. Siku ya soko la vyungu, wanawake wanaporudi wamejaa njiani, apande toka Mwaya mpaka Ipyana bila kushuka. Akimshtua mwanamke hata mmoja, baiskeli inakwenda mtoni, tena atakayeibeba kuitupa ni yeye mwenyewe.

Alirudi nyumbani, akashika tama. Siku zikaenda hivyo, mpaka jioni moja mkewe Naomi akaja na kitu kwenye majani ya mgomba: tufe la udongo uliochomwa, lina ukubwa wa ngumi, limetobolewa vitundu. Naomi akalitikisa. Kacha-kacha-kacha! Kuku wakatawanyika.

"Njuga hii kaitengeneza mkweo," Naomi alisema. "Anasema hakuna ng'ombe anayelia hivi. Ndani ametia vipande vya chungu ulichomvunjia."

Ambilikile alilishika kwa mikono miwili. Hakuwahi kusikia sauti ya Neli tangu aolewe. "Mwambie ndaga fijo," alisema, na asante hiyo akairudia mara ya pili.

Siku ya soko ikafika. Akalifunga tufe chini ya usukani, akaondoka Mwaya jua likiwa utosini. Njia ilikuwa mbaya, mizizi na mashimo, na kila shimo lilikuwa neema. Kacha-kacha! Mbele yake wanawake walichepuka taratibu, vyungu kichwani, bila haraka, kama wanaompisha mzee yeyote. Ambilikile alianza kujisikia mkubwa. Shimo hata shimo, alishika usukani kama bwana mkubwa wa bomani.

Kisha akafika pale ambapo mto ulikuwa umefurika masika, ukaacha matope yaliyokauka, laini kama sakafu iliyosiribwa. Baiskeli ikateleza vizuri ajabu. Na njuga ikanyamaza.

Mbele, hatua chache tu, msururu wa wanawake ulikuwa umempa mgongo, kila mmoja na chungu kipya kichwani. Wa nyuma kabisa alikuwa Felista, mke wa mtoto wa Andongwisye. Ambilikile akafungua kinywa aite, ikatoka pumzi tupu. Kuachia mkono mmoja atikise njuga hakuthubutu, maana kwa mkono mmoja hakuwahi kwenda hata mara moja. Akauona Kiwira akilini. Akajiona ameibeba tena kichwani, shingo imeinama, watu wanatazama.

Kushoto kwa njia palikuwa na mahali ng'ombe walipokanyaga wakati wa tope, pamekauka mashimo ya kwato matupu. Hakuna mwenye akili angepita hapo na baiskeli. Ambilikile akakata usukani, akaingia.

Kacha-kacha-kacha-kacha! Meno yakagongana, makalio yakaruka, kofia ikaenda zake, njuga ikapiga kelele kama imepandwa na mashetani. Felista akasikia. Akachepuka kulia pamoja na wenzake, wakajifunika matetini, na vyungu vyote vikabaki vichwani. Ambilikile akapita akirukaruka, akicheka kwa sauti, pumzi ameipata wapi haijulikani.

Ipyana wazee walikuwa wamekaa wakingoja. Andongwisye akamtuma mkewe akaulize wanawake. Mama akarudi na jibu fupi: hakuna aliyeshtuka, na Felista anauliza njuga kama hiyo inapatikana wapi, amfungie mkwewe shingoni, maana huyo naye hutembea kimya.

Wazee waliangua kicheko. Andongwisye alikunja uso, kisha naye mabega yakaanza kutikisika. "Haya, mwenzangu," alisema, "panda chombo chako. Lakini njia nzuri tuachie sisi."

Ambilikile aliziacha kweli. Tangu siku hiyo aliyemtafuta alimtafuta kwenye mawe, kwenye mizizi na nyayo za ng'ombe, na bonde zima lilimjua kwa masikio.

Lakini jioni ile ya ushindi, akielekea kwake, alipita kando ya shamba la Asegelile. Mpunga ulikuwa mrefu, hakuonekana mtu. Akatafuta shimo makusudi, akalipiga kwa gurudumu. Kacha-kacha.

Ndani ya mpunga, mahali asipopaona, ikajibu njuga nyingine: kacha-kacha.

Kumbe Neli alichoma mbili. Ambilikile akabaki ameshika usukani, moyo umemjaa. Kisha akageuza baiskeli, akarudi kulipiga lile shimo tena.