Jumatano za Mireille

Nilitoka Buyenzi, Bujumbura, nikavuka kwenda Kigoma. Nikakaa Dar es Salaam, nikachoka. Nikaenda Nairobi, nikachoka tena. Mimi ni mtu wa kuchoka haraka na mahali, kisha kupakumbuka maisha yangu yote. Nilishuka Gare du Midi, kituo kikuu cha treni, Jumapili moja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, soko la pale likinukia kuku wa kuokwa na zeituni, nikajiambia nitakaa Brussels mwaka mmoja tu. Nilikaa zaidi ya kumi, na karibu yote niliimalizia kwenye korido za shule moja ya sekondari.

Siku ya kwanza Proviseur, yaani msaidizi wa mkuu anayeshughulikia nidhamu, alinipa rundo la funguo bila kunitazama.

"Hapa hufundishi," akasema. "Hapa unajua nani yupo na nani hayupo. Likikushinda hilo, rudi Midi ukauze zeituni."

Halikunishinda. Kazi ya surveillant, mwangalizi wa wanafunzi, haikudai zaidi ya cheti changu cha sekondari, lakini ilidai macho. Asubuhi unasimama getini na kuwaandika waliochelewa. Mwalimu akiugua, unalipeleka darasa lake kwenye étude, chumba cha kujisomea, na unahakikisha kuna kimya. Mwanafunzi asipoonekana, unampigia mzazi kabla ya mapumziko. Nilijifunza kumtofautisha anayekohoa kwa mafua na anayekohoa kwa sababu ya mtihani wa hesabu.

Proviseur yule alipostaafu, akaja mkuu mpya wa shule, Madame la Préfète, mwenye haraka na tabasamu la kupigia picha. Ndiye aliyetuletea krediti. Alipatana na chuo kimoja cha afya kwamba wanafunzi wetu wa darasa la mwisho wakasome huko Jumatano mchana. Ukifaulu mtihani wa chuo, unapata krediti: somo hilo linahesabiwa kuwa umeshalimaliza, na ukijiunga na chuo hulirudii. Wazo zuri. Sina ugomvi na wazo. Ugomvi wangu ni na walioliuza.

Ubelgiji shule hufungwa Jumatano saa sita, na watoto wadogo hurudi nyumbani. Kwa Maman Odette wa mtaa wa Koekelberg, mama wa Lubumbashi aliyesafisha ofisi, hiyo ilikuwa siku ya binti yake Mireille kuwaangalia wadogo zake. Kifaransa alikijua cha kazini na cha dukani, lakini siku alipoitwa kusaini, mbele ya Préfète kilimkimbia, kwa hiyo niliitwa kutafsiri.

"Mwambie mama," Préfète akasema, "binti yake ataokoa mwaka mzima."

Nikamwambia.

"Mwaka muzima? Tonton Saidi, haunidanganye?" Tonton ni mjomba, ndivyo alivyoniita.

"Ni Madame anayesema, maman."

"Bon. Basi mi nitabadilisha horaire ya kazi. Mercredi nitabakia na batoto." Hivyo ndivyo alivyozitoa Jumatano zake.

Mwaka mzima nikawasindikiza wanafunzi wale kwa metro. Wengine walicheka na kusukumana. Mireille alisoma amesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye kitabu. Alitaka kuwa mkunga. Alifaulu biolojia, kemia na saikolojia, na picha yake ikatundikwa mlangoni mwa shule, kubwa kuliko ya mfalme.

Alipojiunga na chuo, krediti zake zilikubaliwa. Masomo yale akasamehewa. Lakini mwaka haukuokolewa hata kidogo, kwa sababu yaliyobaki ya mwaka wa kwanza yalitawanyika hadi mwisho wa mwaka. Alichopata ni ratiba yenye matundu: asubuhi tupu, karibu kila siku. Kumbe angeweza kuomba masomo ya mwaka wa pili yajaze asubuhi zile, iwapo shule iliyompeleka ingemwombea. Nani alimwambia? Hakuna. Aliambiwa na wanafunzi wenzake, ameshachelewa. Akaja kwetu, nikampeleka ofisini.

"Saidi," Préfète akaniambia mimi, si yeye, "huyu si mwanafunzi wetu tena."

Tulipotoka tulipita chini ya picha yake.

Maman Odette naye alikuwa ameziona asubuhi zile, akazigawa. Alimtafutia binti kazi ya kuwaogesha wazee huko Auderghem. Nilikwenda Koekelberg kumsihi, nikakuta anapiga pasi.

"Masomo yake imeisha, si walisema?" akaniuliza. "Asubuhi anafanya nini, anaangalia plafond?" Akanyoosha pasi kuelekea dari.

"Maman, saa hizo amezipata kwa jasho lake."

"Jasho yake peke yake? Na mercredi zangu? Tonton, ulikuya hapa na mudomo yako, ukasema mwaka. Nipe mwaka yangu, nitamuachilia."

Mireille alikuwa amekaa kitandani, chumba cha pili, mlango wazi. "Maman iko na haki," akasema taratibu. "Lakini si yeye alinidanganya. Na si mimi nilimudanganya."

Mdomo ulikuwa wangu, ahadi ilikuwa ya mtu mwingine, na mwenye ahadi alikuwa anapanga viti vya siku ya milango wazi, siku ambayo shule hujionyesha kwa wazazi wapya.

Siku hiyo Préfète alimwita Mireille aseme machache. Kumbe kwa kusifiwa alikuwa bado mwanafunzi wetu! Binti alishukuru kwa Kifaransa kizuri, kisha akawageukia akina mama wa nyuma kwa Kiswahili.

"Bamama, krediti ni kitu muzuri. Lakini mbele ya kusaini, muulize chuo: mutoto akisamehewa hii, mutamupa nini pa nafasi yake? Mimi niliuliza nyuma. Sasa asubuhi ninaogesha bazee."

"Anasema nini?" Préfète akaninong'oneza.

Nikatafsiri. Kwa sauti, neno kwa neno, ukumbi mzima usikie.

Nyuma kabisa akasimama Maman Odette, kitenge cha sherehe, mkoba kifuani. Hakunitazama mimi. Akauliza kwa Kifaransa chake mwenyewe, na safari hii hakikumkimbia: mwaka wangu uko wapi, Madame?

Wazazi wengine wakaanza kuuliza pia. Kabla ya wiki kuisha, Préfète aliyekosa nafasi tangu Septemba aliipata ya kwenda chuoni, na muhula wa pili Mireille akapewa masomo mawili ya mwaka wa pili, yote ya asubuhi. Nami nikaitwa nikaambiwa nimekosa busara ya kazi. Niliweka funguo mezani. Nilikuwa nimeshachoka na mahali.

Sijafika hamsini, lakini vijana wananiita mzee na kuniuliza kuhusu shule za huko. Nawaambia hilo hilo la Mireille: uliza kabla. Na mtu akikuahidi mwaka, muulize utaanzia asubuhi gani.

Siku ya kuondoka kwangu, Maman Odette alikuja Midi peke yake, na mkate wa njiani. Nilikuwa natazama ngazi, kama nilivyotazama geti miaka yote ile.

"Usimungojee, tonton," akasema. "Hayuko. Iko ku cours, masomo yake ya asubuhi."

Nikapanda treni.