Fundi wa Kompyuta Aliyemsikiliza Mbeyu Tu

Bibi harusi wa Kijerumani alifungua mlango wa chumba chake, akakuta mzee kalala kitandani, kavaa taulo tu.

Ukelele wake ulifika mpaka jikoni.

Msinicheke. Mimi ndiye niliyempa ule ufunguo.

Malindi, 1988. Hoteli yetu ilikuwa imeletewa kompyuta ya kugawa vyumba, nayo ina wazimu. Ikiwaka kutwa nzima, inagawa chumba kimoja kwa watu wawili.

Meneja, Bwana Mahadhi, akaniita. "Zuleikha, likitokea tena, utakwenda kuuza viazi karai."

Kosa la mashine, kazi nipoteze mimi!

Aliyeitunga programu ile ni Ochola, kijana wa Mombasa. Nikampigia simu, nikampa maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Akaja, akabonyeza, akaguna.

"Mbona nzima, dada?"

Nikamwita tena. Nzima vilevile.

Sasa sikilizeni kilichonichoma roho.

Mwenye hoteli alikuwa na nyingine Watamu, yenye kompyuta kama yetu ya Ochola, na mapokezi huko alikaa Mbeyu, niliyesoma naye diploma. Mbeyu hana maneno! Anaongea kama anayelipia. Lakini akilalamika, mara kashatengenezewa. Hata aliomba kompyuta imkumbushe siku za kuzaliwa za wageni.

Akapewa!

Mimi naomba chumba kimoja kilale mtu mmoja, naambiwa nzima.

Nikasema, hapa pana mapenzi.

Niliposikia Ochola yuko Watamu, nikajitanda buibui, nikaenda kuwafumania.

Nikawakuta pamoja kweli. Ochola jasho linamtoka mbele ya kompyuta iliyoganda, wageni wanafoka kwenye foleni, Mbeyu kakunja mikono.

"Hata maji hujampa?" nikamnong'oneza.

"Atakunywa akishaona ubovu. Kwani wewe hufanyaje, shoga?"

Mimi? Mimi nimelelewa, jamani. Mgeni akija, nyumba hufagiliwa. Ochola akiwa njiani naizima kompyuta, naiwasha upya, naipangusa vumbi, naweka kahawa na halua pembeni.

Nikamweleza Mbeyu hayo yote, Ochola akasikia, akageuka. "Ukiizima kosa linafutika! Kumbe kweli lilikuwapo? Dada, mimi nilidhani unanitaka."

Mbeyu alicheka mpaka akakaa chini. Wallahi, nilitamani ardhi inimeze.

Wazimu ulipopanda tena, sikugusa kitu. Ochola akaja, akaona kwa macho yake, akatengeneza. Viazi karai wakauza wengine.

Nyinyi mnaolalamika siku hizi kwamba watunga programu hawawasikii: mgeni mfagilie, fundi mwachie taka zake azione.