Niliposa Mbwa kwa Ng'ombe Tusio Nao

Wewe unayesoma, sogea karibu kidogo, maana jambo hili siwezi kulisema kwa sauti kubwa. Majirani zangu wa Muyinga bado wananicheka, na wana haki. Nilikosa! Nilimdanganya mama mwema wa Gitega ili anipe mbwa. Tena si mbwa wa kulinda boma, wala wa kuwinda. Kijibwa! Mbwa wa kimo cha sufuria!

Usicheke bado. Ngoja nikueleze taratibu, kwa sababu huenda na wewe siku moja ukataka mbwa mdogo, na sitaki upite nilipopita.

Mimi na mama yangu tulirudi Burundi kutoka Tanzania, amani ilipotulia na watu wakaanza kurejea kwenye vilima vyao. Mimi nilikulia kambini. Mama alizeekea kambini. Kule nyumba zilibanana, jirani akipiga chafya unamwambia afya ukiwa kitandani kwako. Huku Muyinga tulipata nyumba ya matofali mabichi, mbuzi watatu, shamba la viazi vitamu, na kimya.

Mchana mimi niko mjini natengeneza baiskeli. Mama anabaki peke yake akichambua maharage. Siku moja nilirudi mapema nikamkuta anayagombeza. Anayagombeza maharage! "Na wewe uliyeoza," analiambia moja, "ulikuja kufanya nini humu?"

Jioni ile akaniambia, "Mwanangu, nimerudi kwetu, lakini hapa hakuna anayenisalimu isipokuwa mbuzi, na mbuzi wenyewe wana kiburi. Mavuno yakiisha nitarudi Tanzania, kwa dada yangu anayeishi Kasulu."

Nilimsihi. Akafikiri, akasema, "Labda ningekuwa na kijibwa. Kama kile cha yule mama muuza maandazi kambini, kilichokuwa kinalala mapajani."

Basi. Kijibwa ama Kasulu. Nikaanza kutafuta.

Sokoni kulikuwa na jamaa anayeuza watoto wa mbwa kwenye kikapu. "Hawa ni wa aina ndogo," akaapa, "hawakui kamwe!" Nilikuwa tayari kuchukua mmoja. Jirani yetu Mzee Rajabu, fundi cherehani, akanivuta shati.

"Mwanangu, mimi ni Mwislamu, mbwa simfugi, lakini akili ninayo. Mtoto wa mbwa yeyote ni mdogo. Hata tembo alianza hivyo. Muulize mama yao yuko wapi, umwone kimo chake."

Nikauliza. Jamaa akatazama juu, akatazama chini, akasema mama yao amesafiri.

Amesafiri! Mbwa!

Hapo niliponea chupuchupu. Na wewe shika hilo: usipoonyeshwa mama wa mtoto wa mbwa, na mahali wanapolala, geuka uende zako. Aliyejinunulia ubaya wote uliofuata ni mimi mwenyewe, si jamaa wa kikapu.

Mteja wangu mmoja wa baiskeli ndiye aliyenitajia Mama Generoza. Alikuwa mkunga aliyestaafu, anakaa Gitega, mtaa wa Musinzira, na anafuga mbwa wadogo wenye manyoya na miguu mifupi. Hazalishi ovyo. Tena watu wakihama wakamwacha mbwa wao barabarani, yeye humchukua akamtunza mpaka apate kwao.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia.

Sisi huku, ukienda kwa mtu usiyemjua kumwomba kitu cha thamani, huendi mikono mitupu, wala huendi na mdomo wako mwenyewe. Unachukua kinywaji, unachukua msemaji. Msemaji wa ukoo wetu ni Baba Mdogo Salvatori. Ukimsikia kwenye posa, utalia. Husimama akahesabu ng'ombe wa ukoo mpaka kilima kinajaa, na ukweli ni kwamba ukoo wetu wote hauna hata kwato. Lakini kwenye posa ni sawa! Wakwe wanajua ng'ombe wale ni wa maneno, nao wanajibu kwa wa kwao wa maneno, watu wanapiga makofi, binti anaolewa.

Nikajiambia, kuomba mbwa na kuomba mke kuna tofauti gani? Nikamwita Baba Mdogo. Akavaa koti. Tukabeba kidumu cha pombe ya ndizi, tukaenda Gitega.

Mama Generoza alitupokea vizuri. Kidumu alikipokea akakiweka pembeni, hakukigusa. Akatupeleka moja kwa moja uani. Mbwa wake wa kike, Sheri, alikuwa amelala juu ya magunia safi na watoto wake wakicheza. Macho mangavu, pua yenye unyevu, hakuna harufu. Akatuonyesha kadi za chanjo kutoka kwa daktari wa mifugo. Akasema hatoi mtoto mpaka aache kunyonya na azoee watu.

Mlangoni palikuwa na mbwa mwingine, mdogo, mvi mdomoni, jicho moja. Aliitwa Mzee. Wenyewe walihamia Bujumbura wakamwacha. Akaja polepole, akaweka kidevu juu ya kiatu changu, akasinzia.

"Huyu iko anapenda watu wa kukaa," akasema Mama Generoza. "Mi namutafutia mutu mukubwa, mwenye kutulia. Bon. Sasa mi niko nauliza, mutanijibu. Kwenu iko namna gani?"

Baba Mdogo akasimama. Ole wangu, alisimama!

"Mama, kwetu ni kwetu! Boma letu lina ukuta, ukiuzunguka unachoka kabla hujafika ulipoanzia. Ng'ombe wetu wakienda mtoni, mto unapungua!"

"Iko na ng'ombe?" Mama Generoza akauliza, kwa makini.

"Kilima kizima!"

"Na watoto wa kucheza na mbwa?"

"Wanajaa kama senene!"

"Nani anabaki na mbwa muchana?"

Hapo ndipo ningesema: mama yangu, peke yake, amekaa. Maneno matano. Yalifika kwenye meno. Lakini msemaji akiwa anasema, mwenye shughuli hunyamaza, ndiyo adabu. Nikanyamaza. Tena nikatingisha kichwa kukubali! Kosa si la Baba Mdogo, yeye alifanya kazi niliyompa. Kichwa kilichotingishwa kilikuwa changu.

"Wote wanabaki!" akanguruma Baba Mdogo. "Ni nyumba ya mbio na vigelegele, tangu alfajiri!"

Mama Generoza alimtazama Mzee kwa huruma. "Alors, huyu hatapata usingizi kwenu. Mi nilikuwa nawaza kuwapa ninyi, lakini oya, hapana, na fujo hiyo!" Akainama, akanyanyua katoto kamoja kalikokuwa kanang'ata mkia wa ndugu yake, kakipiga mateke hewani. "Huyu ndiye wenu. Iko na nguvu mingi. Kwa nyumba ya ng'ombe na batoto, atafurahi kabisa. Akishaacha kunyonya, muje mumuchukue. Na mi nitakuja kwanza kuona mahali."

"Njia yetu ina matope, Mama," akasema Baba Mdogo haraka. "Utaacha viatu."

Akacheka, akatuamini. "Basi mushike neno moja. Akiwashinda, mumurudishe hapa kwangu. Si sokoni, si kwa jirani. Hapa."

Alipoacha kunyonya tukamchukua, naye alipofika Muyinga, alitafuta kilima cha ng'ombe, hakukipata. Akawakuta mbuzi watatu. Akawapanga mstari, akawapeleka nyuma ya nyumba, akawarudisha mbele, akawapeleka tena. Alipowachoka akageukia viazi. Alifukua tuta la kwanza, akaliona zuri, akafukua yote. Mama akampa jina: Bwana Shamba.

Mchana alivuka kwenda kibarazani kwa Mzee Rajabu, akarudi na kandambili. Daima ya kushoto. Mzee Rajabu anasimama kwenye njia, mguu mmoja peku. "We mama! Huyo ndugu yako amekuja tena!" Na Mama anatoka mbio, kanga mkononi, "Bwana Shamba! Lete kiatu cha mwenzio!"

Utacheka. Mimi pia nilicheka, mpaka siku niliyomkuta Mama ameketi chini katikati ya matuta, kifundo cha mguu kimevimba baada ya kutumbukia shimo alilofukua mbwa, na Bwana Shamba anamzunguka akidhani ni mchezo.

Nilimbeba mpaka ndani. Hakulia. Aliomba nimshushie begi lililokuwa juu ya kabati.

"Nilikuomba mwenzangu wa kukaa," akasema, "ukaniletea askari wa doria. Mwanangu, naona hata wewe hunijui. Nipeleke Kasulu."

Neno lile lilinichoma! Kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimtafutia mbwa bila hata kumtaja. Nyumba nzima tuliyoieleza kule Gitega, yeye hakuwamo.

Nikapiga magoti, nikaungama yote. Msemaji, kidumu, ukuta, watoto kama senene.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ng'ombe alisema wangapi?"

"Kilima kizima, Mama."

"Kilima kipi?"

"Hakukitaja."

"Nawe ulitingisha kichwa?"

"Nilitingisha."

Alianza kwa kukohoa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ule mguu, akasema yampayinka, jamani, unauma, akacheka tena. "Mguu ukipona," akasema, "tutakwenda wote kwa huyo mama. Salvatori abaki na koti lake."

Tukaenda, Bwana Shamba ndani ya kapu, kichwa nje, akibwekea kila baiskeli. Nilimwambia Mama Generoza ukweli, macho yangu chini. Niliogopa sana. Hakupiga kelele. Alimchukua mbwa, akamtazama meno, macho, masikio, makucha.

"Iko muzima," akasema. "Mulimulisha vizuri, mulimuchanja. Ile munastahili kupongezwa. Lakini mwanangu, we ulifikiri mi nauliza juu ya nini? Ulifikiri natafuta matajiri? Mi niko nauliza ili nijue mbwa gani na nyumba gani. Ukinidanganya mimi, unamufunga mbwa na mutu asiyemufaa. Na ile si posa, hakuna wa kusuluhisha."

Nikauliza kuhusu Mzee, yule wa jicho moja.

"Ameenda. Katekista mumoja wa Bukirasazi alimuchukua. Wanakaa pamoja mulangoni, wanasinzia."

Hiyo ndiyo gharama yangu, ndugu yangu. Yule mbwa alishaniwekea kidevu juu ya kiatu. Alikuwa wetu. Nilimpoteza kwa kutingisha kichwa.

Mama aliketi kwenye magunia, karibu na Sheri. Mama Generoza akaketi upande wa pili, akaanza kumuuliza maswali yale yale.

"Kwako iko namna gani, Mama?"

"Nyumba ya matofali mabichi. Ukuta hakuna. Mbuzi watatu, wana kiburi."

"Nani anabaki muchana?"

"Mimi na maharage."

"Na huyu?"

"Huyu anatengeneza baiskeli za watu na kusema uongo."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikatazama ndege. Wakaendelea kuongea. Nilikunywa maji, nikatoka nje, nikarudi, bado wanaongea. Nilipoingia mara ya mwisho, Sheri alikuwa amelala mapajani mwa Mama.

"Huyu sitamuzalisha tena," akasema Mama Generoza. "Amezaa vya kutosha, anataka kupumuzika. Batoto bakipata kwao wote, nitamuleta mi mwenyewe. Na safari hii nitaona hiyo njia ya matope."

Alikuja kweli. Alitazama nyumba, akatazama uwanja, akaniagiza nizibe shimo la choo cha zamani na nijenge kijiuzio cha miti kuelekea barabarani. Akakaa mlangoni kwa Mama. "Hapa panatosha," akasema.

Panatosha! Tangu mwanzo palitosha, bila ng'ombe hata mmoja!

Sasa Sheri analala kwenye kanga ya Mama, na yale maharage yaliyooza hayagombezwi tena, anagombezwa mbwa, naye hujibu kwa sikio moja. Begi liko juu ya kabati. Bwana Shamba alipelekwa na Mama Generoza karibu na Mutoyi, kwa familia yenye ng'ombe wa kweli na watoto wa kweli. Nasikia jioni hulala kabla ya watu, kwa uchovu wa furaha. Baba Mdogo alininunia mwezi mzima, anasema sikumtetea.

Ndugu yangu, mwenye mbwa akikuuliza maswali mengi, usikasirike, wala usijipambe. Huyo ndiye unayemtafuta. Muogope asiyeuliza chochote. Na usiwadharau mbwa wazima walioachwa au waliostaafu. Si kila nyumba inahitaji mtoto wa mbwa.

Na kabla hujapanda gari kwenda kumchukua, fanya hivi: kaa na mtu atakayebaki na mbwa huyo mchana, umuulize siku yake inavyokwenda tangu asubuhi hadi jioni, kisha nenda ukaseme hayo hayo, kwa mdomo wako mwenyewe.