Pumba Tumboni mwa Tunutu

Nesta binti Danieli Haonga, wa Isansa. Babu yake alikuwa mfua chuma, aliyeyeyusha mawe mekundu mpaka yakawa majembe. Mama yake aliteremka bondeni Rukwa kufuata chumvi ya Ivuna katika mwaka ambao wanaume walijifungia ndani kwa kuogopa simba. Baba yake Danieli alikuwa wa kwanza katika ukoo kupanda kahawa. Alipovuna hakujua inaliwaje, akaitafuna mbichi mbele ya watu, akaitema, na mwaka uliofuata akapanda nyingine.

Yeye Nesta hakufua chuma wala hakupanda kahawa. Yeye aliuliza. Watu walimkwepa njiani, maana ukimwambia umeamka salama atataka kujua umelalia upande gani.

Alikuwa bibi yangu, mzaa baba. Haya nimeyasikia kwake mwenyewe na kwa mama yangu Enesi, naye alikuwapo.

Ilikuwa miaka ya thelathini, Mwingereza akitawala, nzige walipokula kila kitu cha kijani. Walikula maharage, wakala kunde na majani ya maboga, wakaguguna hata nyasi za paa. Mume wake, babu Kefa, alikuwa Lupa akichimba dhahabu. Nyumbani ulibaki ulezi ghalani, na kitoweo hakuna. Na wakwe walikuwa njiani.

Watu wa ng'ambo ya kijito walikuwa wanakuja kuiona nyumba ambamo binti yao Enesi angeolewa na Efraimu, mtoto wa bibi. Kwetu ugeni wa namna ile hausikilizi maneno, unatazama chungu. Wakila wakaridhika, neno limepita. Wakipewa ugali usio na kitoweo cha maana, wanarudi na binti yao, na kijana anabaki kuwa wimbo wa kisimani.

Basi alipotokea Jairo, mdogo wake babu, akipanda kutoka bondeni na magunia mawili begani, nyumba nzima ilifurahi.

"Shemeji, fungua zizi, ng'ombe wako wamefika!"

Walikuwa tunutu, yaani watoto wa nzige ambao hawajaota mabawa. Ukiwachemsha kwa chumvi, ukawaanika, kisha ukawakaanga, hakuna mkwe atakayeuliza nyama iko wapi. Lakini kuwakamata ni kazi, wanaruka kama ufuta kwenye kikaango.

"Umewapataje wengi hivi?" bibi akauliza.

"Nimewazoa kwa ungo. Walikuwa wamelala chini, wamechoka."

"Tunutu wanachoka?"

"Shemeji, na wao si wana miguu?"

Bibi alichemsha gunia moja, akawatoa miguu, akawaanika mkekani. Kesho yake asubuhi alitoka na kitawi cha kufukuzia nzi, akakosa wa kumfukuza. Nzi walikuwa wamekuja, lakini hawakuondoka. Walikuwa wamelala kuuzunguka mkeka, miguu juu.

Mwingine angeshukuru kupumzisha mkono. Bibi alichuchumaa. Aliokota nzi mmoja, akampuliza. Akaokota wa pili. Kisha akalifungua lile gunia ambalo hajalichemsha, akatoa tunutu mmoja, akampasua tumbo kwa ukucha.

Tunutu hula majani, na tumbo lake huwa la kijani. Tumbo hili lilikuwa na uji wa kahawia. Aliusugua kwenye kiganja, zikatokea chembe za pumba za mahindi. Akanusa. Ilinukia sukari guru. Akapasua mwingine, na mwingine. Pumba tupu.

"Nzige hatwangi mahindi," alisema peke yake. "Hizi amepewa na nani?"

Akamwita Jairo. "Huko bondeni ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kwa watu wa nzige, wale wa serikali. Tunachanganya pumba na sukari guru na unga fulani mweupe, tunamwaga mbele ya tunutu. Wakila, wanalegea."

"Unga gani?"

"Dawa ya nzige."

"Na wewe ukaja nyuma ya dawa na ungo wako?"

"Sasa niwaache waoze, na wewe una wageni?"

Asicheke mtu. Kwetu dawa hutengenezwa kwa ajili ya anayekusudiwa. Dawa iliyowekewa mwizi wa mahindi haimgusi mwenye shamba, hata akilala juu yake. Jairo alikipima kile kiunga cha serikali kwa kipimo hicho hicho: kama kimetengenezewa nzige, kitamtafuta nzige. Isansa nzima ingesema kama yeye. Bibi mwenyewe aliliamini jambo hilo tangu utotoni, na ndiyo sababu lilimsumbua.

"Na nzi?" aliuliza. "Nzi nao walitajwa?"

Jairo akakimbilia kicheko. "Kesho uwaambie wakwe kwamba nzi wamekukataza kupika. Watakusifu sana." Akazoa konzi ya tunutu mkekani, akaitupa kwenye kigae kilichokuwa motoni, akaanza kutafuna.

Bibi aliudaka mkono wake. "Tema!"

"Watamu! Chumvi tu imepungua."

Ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni, Jairo alikuwa ameikumbatia nguzo ya baraza, anatapika na kulia kwamba tumbo linakatwa kwa shoka. Bibi alimnywesha maji na maziwa, anatapika, anamnywesha tena. Alipona, lakini kwa miezi mingi nyayo zake ziliwaka moto akikanyaga chini.

Wakwe wakafika kesho yake asubuhi. Mbele alikuwa Loisi, shangazi yake Enesi, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika, na nyuma yake Enesi mwenyewe ameinamisha kichwa kama inavyompasa mchumba. Wakanawa. Mezani paliwekwa ugali wa ulezi na majani makavu ya kunde ya mwaka uliopita, yale ambayo mtu huyala akiwa peke yake.

Loisi akatazama bakuli, akamtazama bibi.

"Mama Efraimu, njia nzima tunasimuliwa habari za tunutu wako. Wametoroka?"

"Wapo, dada."

"Wapo wapi? Au wamekwenda kuoga kwanza?"

Wageni wakacheka. Efraimu alitamani ardhi ipasuke. Bibi aliniambia kwamba hapo moyo wake ulisita. Angeweza kuwakaanga. Angeweza kujiambia kwamba Jairo alikuwa na mchango wake wa tumbo, wa siku zote. Ndoa ya mwanawe ilikuwa pale mkekani, imekauka vizuri, inang'aa.

Akasimama, akaenda, akarudi na ungo wa tunutu. Akauweka katikati ya wageni.

"Nimewaleteeni. Si kwa kula, kwa kutazama. Sogea, dada, uone nzige aliyekula pumba."

Akampasua mmoja mbele yao. Loisi akainama mpaka kilemba kikaugusa ungo. Akachovya kidole, akakipeleka mdomoni.

"Usirambe! Nusa tu."

"Sukari guru?"

"Na unga wa watu wa nzige. Shemeji yangu yule pale ukutani alikula konzi moja. Muulize."

"Usiniulize, mama," Jairo akasema kwa sauti ya mgonjwa, "nitatapika tena nikikumbuka."

Mtu mmoja akacheka. Loisi hakucheka.

"Mume wangu amezoa kikapu kizima bondeni juzi. Nimewaacha watoto wakiwatoa miguu. Wanakaanga leo."

Efraimu hakusubiri kutumwa. Alitoka mbio, akavuka kijito na nguo zake, na mama yangu anasema alikuwa hajawahi kumtazama vizuri mpaka alipomwona kisogo. Alifika kikaango kiko motoni, watoto wamekizunguka, bakuli mikononi. Alikipiga teke bila kubisha hodi. Watoto wakalia, jirani mmoja akamtukana, na hakuna aliyekuwa ameonja.

Aliporudi anahema na kutoa habari, Loisi alinawa tena mikono. Kisha akajivutia ugali, akamega tonge kubwa, akalichovya kwenye yale majani makavu. Alikula mpaka bakuli likakwanguliwa. Wenzake, walipomwona, wakala.

"Chakula kizuri," alisema akijifuta mikono. "Kinamwacha mtu aondoke kwa miguu yake."

Ndivyo mama yangu alivyoolewa.

Magunia yale bibi aliyazika kwenye shimo refu, mbali na kijito, mbali na kuku, akaviringisha jiwe juu. Enesi alikwenda naye kumsaidia kufukia. Walipomaliza, bibi aliegemea jembe.

"Mwanangu, wale watu watarudi. Nzige hawajaisha, na unga wao haujaisha. Nataka kila watakapopiga kambi uende wewe, uwaulize wamemwaga upande gani. Halafu pita nyumba kwa nyumba ukaseme, kabla mtu hajashika ungo."

"Mimi, mama? Wakinicheka?"

"Watakucheka."

"Na nikimkuta Mzungu mwenyewe?"

"Mwamkie, kisha uulize. Akikujibu kwa kifupi, uliza tena. Chukua jembe hili, twende, nikuonyeshe njia ya kuteremkia bondeni."