Siku Niliyofundishwa Neno Aneksi

Harufu ya ua wa michongoma uliotoka kukatwa, ile mbichi inayokwaruza koo, hunitia hasira kabla sijajua nimekasirika. Nivumilieni niwaambie sababu.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano kule Birongo. Hata matanga hayajapoa, baba mdogo akapanda michongoma ndani ya shamba letu, akiacha mistari yetu bora ya chai upande wake. Alikuwa amesomea upadri miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani kuoa, na Kilatini kilikuwa kimemganda mdomoni kama utomvu wa ndizi kwenye shati.

Mama alimwendea, nami nikimshika leso.

"Shemeji, umenichukulia chai yangu."

"Sijachukua, Mama Kerubo. Nimeaneksi." Akaniinamia akitabasamu. "Unajua aneksi? Ni Kilatini. *Ad* ni kwenye, *nectere* ni kufunga. Nimefunga kijishamba chenu kwenye changu, kisije kikapotea."

Nililifurahia neno lile, nikalitafuna njia nzima kama muwa. Asubuhi mama alibeba kikapu, akavuka miche ya michongoma, akachuma chai yake. Baba mdogo akaimwaga matopeni. Mama akang'oa miche, ikapandwa tena. Ndipo mama akaita wazee wa ukoo. Walikunywa uji wetu, wakasikiliza Kilatini, wakatikisa vichwa kwa heshima kama wako kanisani.

"Huyu hajakunyang'anya," mmoja akasema. "Amekuunganisha. Nyinyi si familia moja?"

"Basi mwambieni aunganishe shamba lake na langu, nichume mimi."

Wakacheka, wakaaga. Michongoma ikakua hadi ikampita mama kimo.

Leo nafundisha historia Nyamira, na tukifika pale taifa linapotwaa nchi ya jirani, sina budi kuliandika neno lile ubaoni. Nimelisaka katika kamusi nikiomba baba mdogo awe amedanganya. Hakudanganya, maana ndiyo hiyo, kufunga kwenye. Hilo ndilo linaloniudhi. Utotoni nilidhani anayejua asili ya neno ana haki nalo. Sikuona kwamba neno zima linamzungumzia anayefunga tu.

Juzi msichana wa dawati la mbele aliuliza, "Mwalimu, na wenye nchi walisemaje?"

Nikamwambia walisema, tena walisema sana, na waliowasikiliza wakacheka.