Mama Régina na Mgongo wa Mkwe

Wakati wa Wabelgiji, dispansere yetu ya Kasongo ilikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote: kinini. Ukiumwa kichwa, kinini. Ukivunjika mguu, kinini, na ukilalamika unaongezewa. Mwenye kuchoka na uchungu mdomoni alikwenda kwa Mama Régina kuumikwa.

Mama Régina alichanja mgongo kwa wembe, akabandika pembe ya mbuzi, akafyonza hewa, akaziba ncha kwa nta, damu mbaya itoke. Shida ni kwamba damu nzuri nayo inapenda kutembea. Kwa waumikaji wengine, wanaume wenye vifua kama milango walianguka kama nguo zilizokatikiwa kamba. Kwake hakuanguka mtu, maana alimtukana kila mgonjwa kwa utani na kungoja jibu. Alimwambia Amuri, fundi wa baiskeli, kwamba masikio yake yanafaa kupepetea mchele. Amuri akamuuliza hiyo pua aliiokota wapi. Jibu la haraka namna hiyo, pembe inakaa. Likichelewa, pembe inatoka, mgonjwa analazwa, miguu juu ya kinu, ananyweshwa mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi.

Basi akafika Fidèle, kapita wa pamba, msimamizi wa mashamba ya wanakijiji, kwa baiskeli kutoka Lusangi, mgongo umekwisha. Bahati mbaya alikuwa mume wa Victorine, binti wa Mama Régina. Na mkwe hataniwi. Mkwe hata hatazamwi. Mama alikataa kabisa, mpaka Victorine akalia akiuliza kama mama anataka amtunze kilema maisha yote.

Wakatundika kitenge kati yao, wakakitoboa dirisha. Huku mama mkwe, kule mkwe aliyekataa kulala mbele ya mkubwa, na katikati mgongo peke yake, kama mgeni asiye na mwenyeji. Mama akabandika pembe mbili, akanyamaza. Fidèle naye akanyamaza. Victorine akajivunia mume asiyekohoa hata kidogo mbele ya mkwe.

Mgongo ukaanza kutoa jasho la baridi. Mama akamtuma Victorine aulize, kwa adabu, kama mkwe anajisikia vizuri. Jibu halikuja. Fidèle alikuwa amezimia kwa heshima zote, ameketi, kichwa kwenye nguzo.

Mama Régina akakivuta kitenge chote chini. Akang'oa pembe, akamlaza, akampandisha miguu juu ya kinu. Majirani walikuwa wamejaa uani, wakamwona akimkazia macho mkwe wake.

“We Fidèle, miguu yako iko nyembamba sawa miti ya muhogo. Nitakupanda nyuma ya nyumba.”

Victorine akajifunika uso.

“Na hili tumbo, iko mimba ya nani?”

Jicho moja likafunguka. Mama akamtilia mchuzi mdomoni. Fidèle akameza, akakunja uso.

“Mukwe,” akasema polepole, “hii samaki haikuvuliwa. Ilijiua yenyewe, juu ya kuogopa upishi yako.”

Mama Régina akaketi chini palepale, akacheka huku machozi yakimtoka. Halafu akakumbuka yeye ni nani, akaokota kitenge, akajifunika kichwa.

Wazee wakaamua mama na mkwe wapeane kuku, aibu ya matusi iondoke. Tangu hapo Fidèle alikuja kuumikwa akiwa na kuku wake kwenye baiskeli, na wa mama mkwe alikuwa ameshafungwa mlangoni, anangoja.