Hotpoti ya Saa Saba

Nilianza chuo kikuu nikiwa na miaka arobaini na saba. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa mafriji Mkokotoni, kazi niliyojifunza kwa kusoma vitabu na kuharibu mashine mbili za watu. Mitihani ya sekondari niliifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikisoma karakanani baina ya mteja mmoja na mwengine. Kwa hivyo nilipopata nafasi ya shahada sikwenda kwa papara. Nilikwenda na mpango.

Ada ya muhula wa kwanza nilikuwa nayo. Ya muhula wa pili ilibidi itoke katika kazi za mwisho wa wiki na katika kile nitakachookoa kwenye chakula. Juu ya hayo nina vidonda vya tumbo. Daktari aliniamuru nile chakula laini, bila pilipili wala ndimu, na saa saba mchana isinipite. Ikinipita, tumbo huwaka na siwezi kukaa darasani hadi jioni. Basi chakula changu cha mchana ndicho kilichokuwa dawa yangu, na ndicho kilichokuwa ada yangu.

Nilipanga chumba Mji Mkongwe. Sokoni Darajani nilikwenda baada ya alasiri, wakati wauza samaki wamechoka na fungu la samaki changu limeshuka bei. Nilipika baada ya sala ya alfajiri: wali, samaki wa nazi, mchicha. Nilijaza hotpoti, nikafunga kifuniko, nikaenda chuo nimeridhika.

Lakini kuna jambo moja sikulipangia. Nimelelewa kwamba mtu hafungui chakula mbele za watu akanyamaza. Lazima useme karibu. Na mwenzako naye ana wajibu wake: hujibu "starehe", au "ahsante, nshakula", akapita. Nimesema karibu pale karakanani miaka ishirini na zaidi, na waliokaa kweli nawakumbuka mmoja mmoja.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye baraza la nje ya darasa. Mbele yangu walikuwapo vijana watatu tunaosoma nao. Nikafungua. "Karibuni," nikasema.

"Ahsante sana, ami!" wakajibu wote watatu, na wawili wakaenda kunawa.

Wa tatu, kijana mrefu wa Tumbatu, hakunawa. Alitoa kijiko kwenye mfuko wa shati.

"Ami, mbona hakina pilipili?" aliuliza mdomo umejaa. "Hiki chakula cha mgonjwa."

"Mgonjwa ni mimi," nikamwambia.

"Pole, ami. Hebu nisogezee huo mchicha."

Nilipata vijiko sita. Nilivihesabu.

Nilijaribu njia zote nilizoweza kuzifikiri. Nilisema karibu kwa sauti ya chini; walisikia. Nilipika muhogo wa kuchemsha kwa dagaa, nikitaraji vijana wa siku hizi hawautaki. Walisema hawajala kitu kama kile tangu watoke kwao, wakalamba na kifuniko. Siku nilipopika mara mbili zaidi, walileta mwenzao. Kufika mwezi wa pili mfuko wa mchele ulikuwa ukiisha kwa siku kumi, na mimi mchana nilikuwa nikikaa nyuma ya darasa nimejishika tumbo, naandika nusu ya anayoyasema mwalimu.

Nilimpigia simu mke wangu Mkokotoni.

"Waambie huna," alisema.

"Vipi niwaambie sina na hotpoti iko mapajani?"

"Basi usiseme karibu."

Nikamuuliza kama mvua imenyesha huko.

"Unaona? Huwezi. Basi walishe, mume wangu, na digrii utaipata peponi."

Siku ya pili yake nikajificha. Nyuma ya maktaba kuna tangi la maji na kivuli kidogo ambako hapiti mtu. Nilikaa kwenye tofali, mgongo nimewapa walimwengu wote, nikala haraka kama mwizi. Nilikuwa nimebakisha kipande cha samaki nilipoona miguu. Alikuwa yule kijana wa Tumbatu, amekuja kujaza chupa yake maji. Tukatazamana. Mdomo wangu ulikuwa umejaa.

"Starehe, ami," alisema kwa adabu kabisa, akaondoka bila ya kujaza chupa.

Jibu lile nililisubiri miezi miwili. Nililipata siku pekee ambayo sikumkaribisha mtu. Nilikuwa nimeshiba, na saa saba haikunipita, lakini tumbo liliwaka mchana kutwa.

Kesho yake nilirudi barazani. "Karibuni," nilisema, safari hii kwa sauti.

"Tushakula, ami."

Siku ya tatu hivyo hivyo. Nilikuwa bado napika cha watu wanne, na chakula cha nazi hakilali kwa joto hili. Nilikimwaga. Sasa nilikuwa nikipoteza pesa kwa kutoliwa kama nilivyokuwa nikizipoteza kwa kuliwa. Hapo hasira zikanishinda adabu.

"Njooni hapa!" niliwaita. "Mimi siwezi kuwalisheni. Nina ada ya muhula wa pili na nina tumbo bovu. Lakini kujificha pia siwezi. Sasa tule kikoa. Kila mmoja na siku yake ya kuleta."

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Ami, kwa nini hukusema tokea mwanzo?" alisema yule wa Tumbatu. "Sisi tulidhani wewe tajiri."

"Tajiri? Na viatu hivi?"

"Mtu anasoma kwa umri wako, tulisema huyu keshamaliza kutafuta, sasa anajistarehesha. Wallahi mimi nilikuwa nikikuombea dua kila nikimaliza kula."

Tuliandikiana siku. Jumatatu yangu, Jumanne na Jumatano za wale wawili, Alhamisi ya yule wa Tumbatu. Ijumaa kila mtu kivyake. Wa Jumanne alileta chipsi zimelowa pilipili, nikamrejesha nazo. Wa Jumatano huleta maharage, mazuri, yasiyo chumvi. Kijana wa Tumbatu huleta ndizi mbichi kwa samaki anaoletewa na mama yake, na kwa haki sijawahi kula chakula kizuri kama kile mjini hapa. Mchele wangu sasa unamaliza mwezi na kupita. Ada ya muhula wa pili niliilipa, sikukopa.

Lakini Alhamisi huyu bwana hafiki kabla ya saa saba na nusu. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali. "N'nakuja, ami," husema kwenye simu, na nyuma yake nasikia watu wakicheza bao.

Kwa hivyo Alhamisi huweka ndizi moja mbivu kwenye mkoba, ya kulishikiza tumbo. Juzi niliitoa saa saba kamili, nikatazama kulia na kushoto. Barazani alikuwapo mwanafunzi mmoja nisiyemjua, anasoma. Nikaanza kuimenya, na kabla sijafika nusu nikasikia sauti yangu mwenyewe:

"Karibu."

Akafunga daftari, akanyoosha mkono.